Mwambie Mama Yako

Mtaani walimwita Simu, na ukiingia dukani kwao jina lilijieleza lenyewe. Baba yake, fundi wa kukata nguo, alisimama chumba cha mbele kwenye meza ndefu, chaki imechomekwa sikioni, mkasi mkubwa mkononi. Mama yake alishona chumba cha ndani. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na mlango usio na ubao, pazia tu, na kutwa nzima hakuna aliyelipita pazia hilo ila Simu.

"Mwambie mama yako kola za hizi sare zinataka kitambaa kigumu," baba alikuwa akisema bila kuinua macho.

Simu anapita. Cherehani inanyamaza kidogo. "Mwambie baba yako kitambaa kigumu kimekwisha tangu juzi. Kama ana macho ameshaona."

Simu anarudi. "Mama anasema kimekwisha. Anaomba ukipata nafasi ukatafute kingine."

Wateja wenye utani walisema duka lile lina simu isiyoisha chaji. Wengine walinong'onezana: watu wasiosemezana walimpataje yule binti wa mwisho, Kitinda, ambaye sasa yuko darasa la tano? Na wanawake wenye midomo walijibu kwamba hata ukimya una kitanda chake.

Ukimya wenyewe ulianza na mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya Simu. Alishikwa na homa jioni moja, shule zikikaribia kufunguliwa na sare zimerundikana mezani. Mama alisema twende hospitali. Baba akasema ngoja kwanza nimalize kukata hizi. Alimaliza, wakaenda, na waliporudi mtoto alikuwa amefunikwa shuka. Tangu mazishi mama hakumsemesha mumewe. Naye baba, ambaye kiburi chake hakikuwahi kupiga kelele, hakuanza.

Wakati huo Simu alikuwa msichana wa darasa la saba. Siku chache baada ya watu wa msiba kutawanyika, baba alimwita mezani. "Mwambie mama yako aache kulia kwa sauti. Wateja wanasikia."

Alipita pazia akamkuta mama amelaza paji la uso juu ya cherehani, kitambaa cha watu kimelowa. Maneno aliyotumwa yalimkwama, yakatoka mengine. "Mama, baba anasema umsamehe. Anasema kosa ni lake, ila hajui ataanzaje mbele yako."

Mama aliinua uso, akamtazama kwa muda mrefu. Jioni hiyo aliandaa chakula cha mumewe kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Kusemezana hawakusemezana, lakini walilala chumba kimoja, na hatimaye Kitinda akazaliwa.

Ndiyo maana Simu hakuweza kuacha. Kila alipomtazama mdogo wake akiruka kamba uani, alijua mtoto yule yupo duniani kwa sababu ya neno ambalo baba hakulisema. Aliendelea kulainisha. Tusi likiingia upande mmoja, ombi lilitokea upande wa pili. Alifanya hivyo mpaka akawa mwanamke mzima, na wachumba wawili watatu waliobisha hodi aliwaambia wasubiri, mpaka wakachoka.

Halafu ikaja kazi. Kiwanda cha nguo, mji mwingine, kilitaka msimamizi wa wakataji, na rafiki yake wa zamani, aliyejua kwamba Simu amejifunza kukata kwenye meza ya baba, alimtaja. Wakamkubali. Asubuhi aliyokusudia kuwaambia wazazi alisimama mlangoni pa pazia, baba mbele, mama nyuma, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Si kukwaruza, si kunong'ona. Ulikuwa upepo mtupu.

Walidhani ni mafua. Akanywa maji ya moto, akafunga shingo. Daktari alimulika koo, akamtia kifaa chenye taa mpaka machozi yakamtoka, akasema koo ni zima kama la mtoto mchanga. Akamwelekeza kwa mshauri wa familia, mama wa makamo aliyekuwa na chumba kidogo mwisho wa ukumbi wa kituo cha afya. Na mshauri akaagiza: aje na watu wote wa nyumbani.

"Koo ni la kwake, mimi naitwa kwa nini?" baba alifoka. "Mmoja akikohoa, dawa inywewe na ukoo mzima?"

Lakini dukani hakukuwa na raha tena. Maagizo hayakupita. Baba alikata suruali fupi, mama akazishona hivyo hivyo, na mteja akazirudisha kwa matusi. Siku ya tatu ya namna hiyo baba mwenyewe alifunga duka, wakaenda: baba, mama, Simu, Kitinda, pamoja na shangazi, dada wa baba, aliyeishi chumba cha nyuma na kazi yake ilikuwa kutia vifungo.

Viti vilikuwa vimepangwa nusu duara. Baba alichukua cha kwanza, mama cha mwisho, Simu akakaa katikati bila kufikiri. Mshauri aliwatazama walivyokaa, akasema kwa upole, "Binti, hebu njoo ukae hapa kwangu, karibu na dirisha."

Simu akahama. Kiti cha katikati kikabaki wazi. Haikupita dakika Kitinda akatelezea hapo, miguu ikining'inia. Hakuna aliyemwambia. Mshauri alimwona, uso wake ukabadilika kidogo, kama mpishi aliyesikia harufu ya kitu kinachoanza kuungua.

Alibandika karatasi kubwa ukutani, akaanza kuchora ukoo wao: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari ya ndoa na ya watoto. Aliuliza habari za babu na bibi wa upande wa baba. Walielewana?

"Walipendana kama paka na maji," shangazi alisema, na kila mtu akacheka, hata baba.

"Nani alikuwa akiwapatanisha?"

Kicheko kikakatika. "Mimi," shangazi alijibu. "Mpaka nilipowazika."

"Hukuolewa?"

"Alikuwepo mtu. Fundi seremala, mcheshi kweli." Shangazi aliitazama mikono yake. "Alipoleta posa, nami nikapotelewa na sauti. Hivi hivi, kama huyu mtoto. Nikatibiwa kila mahali. Siku niliyomtumia salamu kwamba haiwezekani, sauti ikarudi. Nikasema Mungu mkubwa."

Aliyasema kwa shukrani, na ubaridi ukamshuka Simu kutoka kisogoni. Mshauri alichora mstari mzito kupita duara la shangazi, juu yake akachora duara la dada wa babu ambaye naye, walikubaliana wote, hakuwahi kutoka nyumbani kwa wazazi wake. Mstari ule ulishuka, ukapita duara la Simu. Kando yake lilibaki duara dogo, la Kitinda.

"Wawili wakishindwa kubebana wenyewe," mshauri alisema, "humtafuta wa tatu wa kukaa katikati. Huwa hawamtumi. Anajileta, na mara nyingi ni mtoto, tena mtoto mwerevu. Nyumba inatulia. Kila mtu anasema afadhali. Lakini tangu siku hiyo nyumba haitaki aondoke, na akitaka kuondoka hutokea jambo. Ataumwa yeye, au ataumwa mwingine."

"Ina maana tumemroga?" baba aliuliza.

"Hapana, baba. Wala hakuna mwenye nia mbaya hapa, ndiyo sababu haya mambo yanadumu." Akageuza kiti chake. "Leo naomba ujaribu kitu. Mtazame mama. Mwambie jambo moja, lolote, wewe mwenyewe."

Baba alikohoa. Alimtazama mkewe usoni, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kisha akageukia dirishani. "Mwambie..." alianza, na Simu akajikuta ameshainuka nusu.

"Keti, binti," mshauri alisema.

Ni mama aliyevunja ukimya, akisema na mshauri. "Mama, mimi simlaumu. Kweli hatusemezani, kila mtu ana maumbile yake. Lakini mume wangu aliniomba radhi. Mtoto wetu alipokufa alinitumia neno, akakiri kosa. Kwa neno lile nimekaa."

"Neno gani?" baba aliuliza. Aliuliza kwa mshangao wa kweli, na ndiyo ilikuwa balaa.

"Kwamba nikusamehe. Kwamba kosa ni lako."

"Mimi? Mimi sijawahi kusema hivyo."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la dawa, gurudumu moja linalia. Mama aligeuka polepole akamtazama binti yake mkubwa. Hakukuwa na haja ya sauti. Simu aliinamisha kichwa, na kila mtu akaona.

"Na yale mengine?" mama aliuliza. "Eti ananishukuru kwa kazi? Eti nisichoke sana? Ile siku ya..." Akaweka mkono kinywani. Alipoutoa alisema neno ambalo Simu alilisikia kwa muda mrefu baadaye: "Basi mimi nimeolewa na mwanangu mwenyewe."

Mshauri aliwasihi wasiondoke hivyo. Baba alikuwa ameshasimama, kofia kichwani.

Simu alitarajia nyumba iwake moto. Kilichotokea kilimtisha zaidi. Kesho yake, akiwa chumbani, alisikia sauti mbili dukani, ya kiume na ya kike, zikipokezana. Baba na mama walikuwa wanaongea.

"Tangu utoto alikuwa mjanja."

"Mimi nilimwona. Macho yake yalikuwa hayatulii."

"Kutugombanisha hivi, damu yetu wenyewe!"

"Kumbe tungekaa tukaongea, yasingefika huku."

Pazia lilifungwa pembeni kwa kamba. Walikula pamoja, na Simu alipotokea walinyamaza, wakatazamana kama watu wenye siri. Kitinda alikuja kumkumbatia, macho yanang'aa. "Dada, wanaongea! Umesikia? Leo baba amemwambia mama chumvi imekolea!"

Alirudi peke yake kwa mshauri. Sauti ilikuwa imeanza kurudi kwa mnong'ono. "Wamepatana," alisema.

"Wamepatana juu yako," mshauri alimjibu. "Wao kwa wao bado. Siku hizi wanazungumza habari gani?"

"Zangu."

"Nyingine?"

Simu alifikiri. "Hakuna."

"Ukiondoka, na mimi naona uondoke, habari zitawaishia. Ule mzigo hautapotea. Utatafuta bega jingine. Usikate mguu nyumbani, wala usisuse. Nenda uwatembelee, kaa nao, cheka nao. Ila usibebe. Na mwangalie sana yule mdogo."

Alipowaambia anakwenda, nyumba ilifanya kama mshauri alivyosema. Mama akapandisha presha, akalala siku mbili kitambaa cha maji kikiwa usoni. Baba akasema anayetoka asitegemee kukuta mlango wazi. Shangazi alimjia uani akiwa na bakuli la vifungo, akaketi karibu yake kama mtu mwenye habari njema.

"Mwanangu, sema tu hapana. Koo litafunguka lote. Si unaona unavyokwaruza? Mimi nilifunguka siku ile ile."

"Na baadaye, shangazi? Ulijisikiaje?"

Shangazi alichagua kifungo, akakipuliza vumbi. "Nilitulia," alisema. "Mtu hutulia."

Simu akapanda basi la asubuhi.

Kazi ilikuwa nzuri. Alisimamia wakataji wake kwa sauti iliyorudi yote, na mwanzoni alishtuka kila mtu alipomjibu yeye mwenyewe moja kwa moja. Alipiga simu nyumbani kila wiki. Mama alisema hawajambo. Baba alisema hawajambo. Kitinda, kila alipopewa simu, alizidi kusema kidogo, na mara mbili alisikika anakohoa kikohozi kikavu. Tumbo linamsumbua pia, mama alisema, siku nyingine haendi shule.

Alipopata likizo alikwenda bila kutoa habari. Ilikuwa mchana, jua kali, barabara haina watu. Alifika mlango wa duka akasimama, kwa kuwa jambo la kwanza aliloliona lilikuwa pazia. Lilikuwa limefunguliwa kutoka kwenye kamba na kuteremshwa. Baba yuko mezani, mgongo mlangoni, hakumwona. Kitinda alisimama pembeni yake amevaa sare ya shule, saa za shule.

"Mwambie mama yako mikono ya hili shati kaishona kipofu," baba alisema.

Mtoto alichukua shati, akapita pazia. Simu alisikia cherehani ikisimama, kisha ile sauti ndogo, tamu, iliyopangwa vizuri: "Mama, baba anasema shati limependeza. Ila mikono uirudie kidogo tu, ukipenda. Anasema pole na kazi."

Ilikuwa kama kumsikia mtu akizungumza kwa kinywa chake mwenyewe. Simu aliingia, akampita baba, akalivuta pazia kwa mkono wote mpaka pete zikakatika na kitambaa kikaanguka sakafuni.

"Hakusema hivyo, mama," alisema. "Amesema mikono kaishona kipofu. Pole hajasema. Huyu mtoto ameitunga kama nilivyotunga mimi, na wewe unajua. Mara hii unajua kabisa."

Mama aliketi ameshika shati. Na usoni mwake Simu aliona kwamba kweli, alikuwa anajua. Alijua tangu siku ya kwanza Kitinda alipopita pazia, akaamua kuyapokea maneno yake.

"Dada, nyamaza," Kitinda alinong'ona.

Mama alisimama. Kwenye cherehani palikuwa na mkasi wake, mdogo kuliko wa baba lakini wenye ncha, na hakuuachia alipoanza kutembea. Alivuka mahali palipokuwa na pazia. Baba alirudi nyuma hatua moja, akagusa meza. Shangazi, aliyetokea mlango wa uani, alisema "Jamani." Mama akasimama upande wa pili wa meza, mkasi umeelekea chini.

"Nilikwambia twende," alisema. "Ulisema ngoja nimalize kukata."

Baba alilamba midomo. Aliwatafuta Simu, Kitinda, dada yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta mlango. Hakuna aliyesogea.

"Nilimgusa paji la uso," hatimaye alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, nyembamba. "Kabla hujaniambia. Nilijua ile si homa ya kawaida. Niliogopa kwenda kuambiwa. Nikaendelea kukata."

Mama alingoja. Kila mtu pale alijua anangoja nini, neno moja tu, na lilikuwa karibu; lilionekana likipanda na kushuka kwenye koo la baba. Halikutoka. Alichukua chaki, akaanza kuchora mstari kwenye kitambaa, mstari uliopinda.

Mama aliuweka mkasi juu ya meza mbele yake. "Vizuri," alisema. "Sasa nimesikia mwenyewe."

Kabla ya jua kuzama alikuwa ameita mtu wa mkokoteni, cherehani ikapakiwa, akaondoka na Kitinda kwenda kwa kaka yake, mtaa wa pili. Hakulia. Aliyelia ni mtoto. Alimpiga Simu kifuani kwa ngumi zote mbili. "Nilikuwa naweza! Wewe uliweza, na mimi nilikuwa naweza! Umevunja nyumba!"

Mambo yalibaki hivyo. Baba anakata nguo ambazo sasa zinashonwa na fundi wa kuajiriwa, na shangazi hupita kila Jumapili kwa wifi yake akiwa na "salamu" ambazo hakuna ajuaye zimetungwa na nani; mama humkaribisha kiti, humwambia aliyemtuma aje mwenyewe. Mara moja baba alifika mpaka kwenye kona ya mtaa ule. Alisimama, akarudi.

Tumbo la Kitinda halijapona. Simu alipokuja tena likizo alimkuta kwenye kibaraza cha mjomba, anahesabu vifungo. Mama alikuwa mlangoni, anachambua maharage. Simu alisema hodi, akamwita mdogo wake kwa jina lake.

Mtoto hakugeuka. "Mama," alisema, "mwambie dada asije tena."

Mama aliinua macho. Akafuta mikono kwenye nguo, akamgeukia binti yake mkubwa, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Simu aliijua kuliko mtu yeyote. "Mdogo wako anasema amechoka kidogo leo, mama. Anasema siku nyingine..."

"Nimemsikia, mama."

Aliuweka mfuko wake chini. Akamzunguka mama, akaenda kuketi kwenye saruji ya moto mbele ya mtoto, karibu kiasi cha magoti kugusana. Kitinda akageuza mgongo. Simu akahama upande ule mwingine, akaketi tena.